Tundu la Ndani

Nina miaka sitini na mitatu, na uso wangu haujawahi kuniwaka kama ulivyowaka mwaka ule. Mke wangu ananiambia niache kujitesa, yameshapita. Yeye hajui yote. Hapa nasimulia yote, na wa kunicheka anicheke.

Naitwa Kogure. Nina gereji ndogo hapa Gunma, kwenye barabara ya kupandia milimani, kule watu wanakokwenda kuteleza kwenye theluji. Sifungui injini, sipigi rangi. Kazi yangu iko chini ya gari: springi, shokapu, na hasa stabilaiza. Hiyo stabilaiza ndiyo iliyonipa jina, na ndiyo iliyoniumbua, kwa hiyo nivumilieni nieleze kidogo.

Ni nondo ya chuma iliyopindwa ncha zote mbili, inalala chini ya gari kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia. Gari likikata kona linataka kulala upande. Nondo inajinyonga na kukataa. Ikiwa nyembamba inakataa kidogo, ikiwa nene inakataa kwelikweli. Sasa haya magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana ubishi wao. Ukiingia kona kwa kasi, unageuza usukani lakini pua haigeuki, gari linaenda nje tu. Ukifunga stabilaiza nene nyuma, mzigo unaliangukia tairi la nyuma la upande wa nje, linaanza kuteleza kidogo, mkia unazunguka na pua inaingia ndani. Dawa kabisa. Lakini dawa ikizidi, mkia unataka kuipita pua, na lami ikiwa na maji unaipita bila hata kupiga hodi.

Zangu nilizipinda mwenyewe, unene milimita ishirini na mbili, kila ncha na matundu mawili. Ukifunga bolti tundu la nje, mkono wa chuma unakuwa mrefu na stabilaiza inakuwa laini. Ukifunga tundu la ndani, mkono unakuwa mfupi, stabilaiza inakuwa ngumu. Kuhama tundu moja kwenda jingine ni dakika kumi kila upande. Hizo dakika kumi nitazitaja tena, maana zimenila mpaka leo.

Mteja wa kisa hiki alikuwa Mogi Sumie. Miaka arobaini na minane, mpishi katika jiko kubwa linalolisha shule zote za mji wetu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukorogea masufuria ya kuogea mtu. Kwa miaka tisa, kila Jumapili ya mashindano, alikuwa akikimbiza gari lake dogo jekundu kati ya koni. Mchezo wetu ni huo: eneo la maegesho, koni zimepangwa, unakimbia peke yako na saa. Mara moja asubuhi, mara moja mchana, inahesabiwa iliyo bora. Ukigusa koni unaongezewa sekunde tano, na sekunde tano katika mchezo wetu ni msiba.

Mwaka ule alikuwa wa pili katika kanda. Akishinda raundi ya mwisho, anakwenda kwenye fainali ya taifa. Asiposhinda, basi tena. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kutumia kiti cha magurudumu, na nyumbani walishakubaliana kwamba mwisho wa mwaka gari jekundu linauzwa, linanunuliwa la kubebea kiti.

“Nipate mara moja tu, bosi,” aliniambia. “Nikimbie mara moja na wale wa taifa. Baada ya hapo nitamsukuma mama bila kinyongo.”

Alileta gari wiki moja kabla. “Nifungie ile nene yako,” akasema. “Lakini tundu la nje.”

“La nje? Kwa nini?”

“Naogopa mkia. Mguu wangu naujua mwenyewe. Nikishtuka, naachia pedali ya mafuta.”

“Sawa,” nikasema. Nilisema sawa. Nikaandika kwenye karatasi ya kazi, kwa mkono wangu mwenyewe: tundu la nje.

Jioni ile akaja Negishi, muuza matairi wa jirani, mtu ambaye akikosa wa kumtania hapati usingizi. Akachungulia chini ya gari, kopo la kahawa mkononi.

“Tundu la nje tena? Kogure, hiyo si stabilaiza, hiyo ni kamba ya kuanikia nguo.”

“Toka hapa, nenda kauze matairi.”

“Natoka. Ila siku hizi unatengenezea wagonjwa tu. Zamani ulikuwa fundi.”

Akaenda zake akicheka. Mimi nikabaki nimeinama pale chini na hasira zangu. Nilijua, na nilikuwa na hakika, kwamba gari lile kwenye tundu la ndani lingekuwa na kasi zaidi. Pua ingekata kona kama kisu kwenye tofu. Na Sumie alikuwa dereva mzuri kuliko alivyojidhani.

Halafu kuna jambo jingine. Fundi aliyenifundisha mimi hakuwahi kunieleza kitu. Ndivyo mafundi wa zamani kwetu walivyo: nilipokuwa nakula wali wangu, yeye anabadilisha gari kimyakimya, halafu ananitazama kama nitahisi. Usipohisi kwa makalio yako, alikuwa akisema, hata nikikuambia hutasikia. Nilimchukia kwa hilo miaka sita mizima, halafu nikazeeka nikawa kama yeye.

Nikafunga tundu la ndani. Pande zote mbili. Nikajiambia: nikimwambia ataogopa, nisipomwambia atashinda, na akishashinda nitamwambia mbele ya watu wote, Negishi akiwemo, kwamba siku nzima alikuwa kwenye tundu la ndani. Sikufanya kwa ajili yake. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nilijidanganya kwamba ni kwa ajili yake.

Jumapili ikaamka na mvua.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumeshafika kwenye maegesho ya uwanja wa theluji, theluji yenyewe bado, na maji yalikuwa yakitiririka kwenye lami. Nilikuwa na jeki. Nilikuwa na spana inayotakiwa, mfukoni, nikiigusa. Madereva walikwenda kuikagua kozi kwa miguu na miavuli yao, Sumie akiwa katikati yao anazungusha mikono hewani akihesabu kona. Nilikuwa na dakika arobaini peke yangu na gari lake. Nilikaa kwenye kiti cha kukunja nikanywa chai. Mvua itakatika, nilisema. Atahisi. Nikihamisha sasa nitakuwa nimekubali kwamba Negishi alisema kweli.

Mbio za asubuhi, Sumie alianza vizuri mpaka nikasimama. Kona tatu za kwanza pua iliingia kama nilivyojua. Kisha ikaja ile kona ndefu ya mkono wa kulia iliyo karibu na lifti ya kupandishia watu mlimani. Akaingia kwa kasi, mkia ukaanza kutoka, akashtuka, akaachia mafuta. Mama yangu! Mkia ukazunguka kama mlango uliopigwa na upepo, ukafagia koni mbili. Sekunde kumi.

Wakati wa chakula alikuja kwangu kabla hajavua helmeti. Maji yalikuwa yakimchuruzika mashavuni.

“Bosi, gari lina kitu? Mkia ni mwepesi mno. Siutambui.”

Hapo ndipo nilipoulizwa waziwazi. Mwanamke alinitazama machoni, hakuwa ananishuku, alikuwa anauliza tu kama anavyomuuliza daktari wake. Dakika ishirini zingetosha. Tulikuwa na saa nzima.

“Ni mvua,” nikasema. “Na mguu wako. Umeachia mafuta.”

Akautazama mguu wake wa kulia. “Kweli, nimeachia,” akasema. “Samahani, bosi.”

Akaniomba radhi! Na mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayesamehe.

Mbio za mchana sipendi kuzisimulia. Aliendesha kwa woga kona zote, na kwenye ileile ndefu akajitahidi asiachie, akaachia. Gari likageuka nyuma mbele, injini ikazimika, akabaki pale katikati ya uwanja akitazama alikotoka, vifuta-kioo vikienda kushoto kulia. Akamaliza wa kumi na moja. Mshindi alikuwa mtu wa Tochigi, dakika moja, sekunde kumi na tisa nukta sita. Muda huo niliukariri bila kutaka.

Kwetu siku haiishi mpaka watu wakae kikao cha kujikosoa. Tunasimama duara chini ya hema, kila mtu na kikombe cha supu ya nguruwe, na kila mmoja kwa zamu anataja kosa lake la siku. Lake mwenyewe. Hakuna anayelaumu gari, hakuna anayelaumu mvua. Anayelaumu gari tunamtazama mpaka anyamaze. Zamu ya Sumie ilipofika akaweka kikombe chini.

“Nilipewa gari zuri,” akasema, “nikaliharibu kwa mguu wangu. Fundi Kogure alinifanyia kazi kwa moyo. Naomba radhi.” Akainama mbele yangu, kichwa chini mpaka nikaona kisogo chake chote kilicholowa, akakaa hivyo muda mrefu.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Nilisema nini? “Nilipaswa kumkumbusha zaidi kuhusu mvua.” Watu wakaguna kwa heshima. Mwizi mzima, nikavaa unyenyekevu nikapendeza nao.

Bado sijafika kwenye baya zaidi. Nilimwambia aniachie gari nilikague, “tuhakikishe tu.” Jumatatu asubuhi, kabla sijanywa hata maji, nikalala chini yake nikahamisha bolti zote mbili kwenda tundu la nje. Nikafuta alama za spana kwa kitambaa. Nikapaka grisi kidogo na vumbi ili pasionekane papya. Mtu mzima, mume wa mtu, napaka vumbi kwenye bolti!

Jumatano akaja kulichukua. Akaomba alijaribu kwenye kile kipande cha barabara nyuma ya ghala la mchele, pana kona nzuri na siku hiyo lami ilikuwa bado imelowa. Akaenda, akarudi, akazima injini, akakaa na mikono juu ya usukani.

“Gari liko sawa,” akasema. “Linatulia kabisa.”

“Eh.”

“Basi ni mimi.” Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. “Nilikuwa naomba uwe umekuta nati imelegea, bosi. Nimeomba kabisa hekaluni. Sasa afadhali kujua. Mwili umezeeka, tuache kuudanganya.”

Nilifungua mdomo. Nikasema, “Pole.”

Siku ya kumi baada ya mashindano Negishi akaniambia gari jekundu limepata mnunuzi, kijana wa Saitama, atakuja kulichukua Jumatatu ya wiki ifuatayo. “Na mwenyewe anasema hatakanyaga tena uwanjani, hata kutazama,” akasema. “Anasema mguu wake hauaminiki, hataki hata kumwendesha mama mkwe, ataajiri mtu. Umewahi kusikia? Sumie yule!” Alikuwa hatanii. Nilikuwa nimeshika nyundo, nikaiweka chini, nikashindwa kuendelea na kazi siku ile.

Jumamosi nikanunua boksi la keki za maharage kwenye lile duka la stesheni, nikavaa koti, nikaenda kwake. Kwetu huendi kuomba radhi mikono mitupu. Mlango alinifungulia mama mkwe, akiwa kwenye kiti chake.

“Wewe ndiye fundi?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Umekonda. Sumie! Fundi wako amekuja, ana uso kama amefiwa.”

Sumie akatoka jikoni akifuta mikono. Sikungoja kukaribishwa. Nilipiga magoti palepale pa kuvulia viatu, paji la uso sakafuni, nikasema yote: tundu la ndani, Negishi, asubuhi ya mvua, swali la mchana, bolti za Jumatatu, grisi, vumbi. Nilisema nikiutazama ubao wa sakafu, sikuwa na ubavu wa kumtazama yeye. Nilipomaliza, maji yalikuwa yakichemka huko ndani.

“Mchana ule nilikuuliza,” akasema.

“Uliniuliza.”

“Ukasema ni mguu wangu.”

“Nilisema.”

“Wiki mbili nzima nauangalia mguu huu, bosi. Kazini nikimwaga mchuzi kidogo, nasema haya, ni mwili. Nikijikwaa ngazini, ni mwili. Usiku namwambia mume wangu nimekwisha.” Sauti haikupanda hata kidogo. Afadhali ingepanda. “Na nilikuinamia mbele ya watu. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua.”

Mama mkwe akasema, “Mwagie maji.”

“Mama, acha.” Sumie akachuchumaa mbele yangu. “Inuka. Sitaki kuona nywele zako. Kesho kuna mazoezi ya kufunga mwaka, kozi ileile. Lirudishe tundu la ndani. Na sasa hivi, hapahapa, nieleze namna ya kuliendesha. Kwa maneno. Kama mtu anavyomweleza mtu.”

Nikamweleza. Mkia ukianza kutoka, usiachie mafuta. Ukiachia, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki haina kitu, umekwisha. Shikilia, tena ongeza kidogo, magurudumu ya mbele yatakuvuta na mkia utafuata wenyewe. Breki maliza kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Akauliza maswali mawili, yote ya maana. Kazi nzima ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nilikuwa nimeshindwa kumpa hicho kikombe kimoja.

Jumapili mvua ilikuwa ileile, kama imeletwa makusudi. Mbio ya kwanza alikwenda polepole, akiuachia mkia utoke kidogo na kuurudisha, anausikiliza. Ya pili, kwenye kona ndefu ya lifti, niliona gurudumu la nyuma la ndani likiinuka kutoka chini, mkia ukatoka, na mlio wa injini haukukatika. Haukukatika! Gari likajinyoosha lenyewe, likatoka kwenye kona kana kwamba hakuna mvua. Negishi ndiye aliyekuwa na saa. Aliitazama, akaitikisa, akaitazama tena.

“Moja, kumi na nane, nukta saba,” akasema.

Karibu sekunde nzima mbele ya yule wa Tochigi. Kozi ileile, maji yaleyale, tairi zilezile.

Watu wakaanza kukimbilia hema letu. “Kogure, kumbe chuma chako ni kiboko!” Negishi akanipiga mgongoni kwa nguvu. “Nafuta maneno yangu yote! Nani mwingine anaweza kuweka mkia namna ile?” Wakanizunguka, wakinipa mikono, mmoja tayari anauliza kama nina nafasi mwezi ujao. Ndicho nilichokitaka, chote kizima, na nilitamani lami inimeze.

Sumie alishuka, akasoma muda kwenye karatasi ya Negishi. Akausoma mara mbili.

“Ulikuwa sahihi, bosi,” akasema. “Tundu la ndani ndilo.” Halafu, polepole, akijiambia mwenyewe zaidi kuliko mimi: “Ningeweza.”

Hapo nikawaambia wote. Sikungoja kikao. Nilisema kwa sauti, nikiwa bado nimeshikwa mkono na yule wa mwezi ujao, kwamba siku ya raundi ya mwisho gari lilikuwa hivihivi, kwamba mimi ndiye niliyelifanya hivi bila kumwambia, kwamba aliponiuliza nilimdanganya, na kwamba hakukosea yeye. Yule mtu akaniachia mkono. Negishi akaanza kuzungushia kamba ya saa kidoleni, macho chini.

Nilipotafuta Sumie yuko wapi, alikuwa kwenye gari, amefungua mlango wa nyuma, anatoa vitu vyake na kuvipanga kwenye boksi: glovu, taulo, kijitabu cha kozi zake za miaka tisa, maana mnunuzi alikuwa anakuja asubuhi. Nilikwenda nikanyoosha mikono nimsaidie kubeba. Akasema asante, ataweza mwenyewe.